Mapenzi Yasiyo na Sharti: Niliyoyasikia Kitale na Bungoma

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kupenda. Tuna mapenzi, tuna mahaba, tuna huba, tuna nyonda, tuna shauku na uashiki, na washairi wetu wa Mvita na Lamu wameyatunga maneno haya kwa karne nyingi kama shanga katika uzi. Lakini mwenye kuzisoma tungo zetu kwa makini ataona kuwa sehemu kubwa ya maneno hayo imefungiwa katika nyumba mbili tu: nyumba ya mtu na mpenzi wake, na nyumba ya mja na Mola wake na Mtume wake. Mapenzi ya jirani usiyemchagua, ya mtu wa kabila jingine, ya mtu aliyekuudhi na hajakutaka radhi, hayo huyaita upendo, na upendo masikioni mwa wengi wetu wa Pwani lasikika kama neno la kanisani.

Nalitaja jambo hili kwa sababu nilikwenda Kitale, na kutoka Kitale nikateremka mpaka Bungoma, na kila nilipopita neno nililolisikia ni hilo upendo. Lau lingekuwa katika mahubiri pekee nisingelijali sana, maana mahubiri ya upendo hata hapa Mombasa hayatupungukii. Nilisikia likisemwa na watu waliochomewa nyumba, na watu ambao wana wao walichukuliwa usiku na hawakurudi, wala kaburi lao halijulikani. Nikajiuliza: je, yawezekana mtu kujizoeza kuwapenda watu wote bila ya sharti, kama ajizoezavyo kufunga Jumatatu na Alhamisi, au kuamka usiku kusali? Au ni maneno matamu ya kupozea machungu?

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Kitale ni mji wa Trans Nzoia, nchi ya mahindi, ambayo walowezi wa Kizungu waliitwaa mapema katika karne iliyopita na baada ya uhuru ikagawanywa kwa watu wa kila namna: Wabukusu, Wasabaoti, Wakikuyu, Wapokoti, Waturkana na wengineo. Bungoma ni nchi ya Wabukusu zaidi, na juu yake umesimama Mlima Elgon, wakaliwapo Wasabaoti na Waogiek, na ubavuni wako Wateso. Mvua ni nyingi, udongo mweusi, na kila mwenye kipande cha ardhi anajua kuna mwingine adaiye kuwa ni chake.

Na isidhaniwe kuwa ni nchi ngeni kwetu. Misafara ya Pwani ilifika huko kabla ya reli. Mumias, kwa Nabongo Mumia aliyefariki mwaka 1949, Uislamu uliingia kwa mikono ya Waswahili wafanyao biashara, na mpaka leo ukisikia adhana Bungoma jua kuwa mzizi wake umepitia Mumias. Huo ni upande mmoja. Upande wa pili ni kuwa Kitale wenyeji husimulia habari za mduara wa mawe, hapo ilipo klabu ya mji, ambamo watumwa walitiwa kungojea safari ya kwenda pwani. Mzee mmoja alinieleza habari hizo kwa sauti ya upole kabisa, kisha akanikaribisha chai. Aliposikia kuwa natoka Mombasa hakubadilisha uso. Nami nikainywa chai ile nikiona kuwa mimi ndiye niliyetangulia kupendwa bila ya sharti katika safari hiyo.

Sasa tufike kwenye uchungu. Vita vya makabila viliikumba nchi hii tangu miaka ya 1991 na 1992, vyama vingi viliporudi, lakini lililowaumiza watu wa Mlima Elgon zaidi lilikuja baadaye, na asili yake ni ardhi. Mwaka 1968 nyika za juu za Chepkitale zilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, na wakazi wake wakateremshwa. Mapema katika miaka ya 1970 ukaanzishwa mpango wa makazi wa Chebyuk ili wapewe pa kulima. Mpango huo ukagawanywa mara ya kwanza, ukagawanywa mara ya pili, na ulipogawanywa mara ya tatu, mwaka 2006, wengi waliokuwa wakilima kwa miaka wakaambiwa shamba si lao. Hapo vijana walikuwa wamekwisha kushika bunduki wakajiita Sabaot Land Defence Force. Waliua, waliteka, walitoza watu kodi, na wengine waliwakata masikio ili wawe alama. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria mwaka 2008 kuwa waliouawa ni wapatao 600, na waliokimbia makwao ni makumi ya maelfu. Machi 2008 serikali ikaleta jeshi, operesheni ikaitwa Okoa Maisha. Kiongozi wa kundi, Wycliffe Matakwei, akauawa Mei mwaka huo huo. Lakini operesheni hiyo nayo ikachukua wanaume na vijana kwa mamia, wengi wakateswa kambini Kapkota, na wako waliochukuliwa ambao jamaa zao hawakuwaona tena. Basi mama mmoja aweza kuwa na mtoto aliyeuawa na wapiganaji na mwingine aliyechukuliwa na askari. Mwambie huyo apende watu wote, tuone atakujibu nini.

Katika kuuliza ni nani aliyethubutu kumwambia, niliongozwa kwa watu waitwao Marafiki, ambao Wazungu huwaita Quaker. Wasomaji wengi wa Pwani hawawajui, basi niwaeleze kwa ufupi. Ni Wakristo wa dhehebu lililoanza Uingereza katika karne ya 17. Hawabatizi kwa maji, wala hawana ule mkate na mvinyo wa makanisa mengine. Mwaka 1660 walimwandikia mfalme wa Uingereza wakamwambia kuwa wao hawatashika silaha kwa sababu yoyote. Itikadi yao ni kuwa ndani ya kila mwanadamu, awe mwema awe mwovu, mna kitu cha Mungu, na kumpiga mtu ni kukipiga kitu hicho. Wamarekani watatu waliileta dini hii Kaimosi mwaka 1902, ikaenea Uluyani, na hivi leo Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nchi zote duniani. Shule ya Kamusinga iliyoko Kimilili ni yao. Lugulu, karibu na Webuye, wana shule ya wasichana na hospitali.

Wasidhaniwe kuwa ni malaika. Hao hao wahubirio amani walikuwa na mkutano wao mkuu mmoja tangu mwaka 1946, na mwaka 1973 watu wa Elgon wakajitenga baada ya ugomvi mrefu. Hilo kwangu mimi lilinipa imani nao zaidi kuliko kuniondolea. Mtu asiyegombana na nduguye hana haja ya kujifunza kupenda.

Baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, wakati uwanja wa maonyesho wa Kitale ulipojaa wakimbizi, viongozi wa Marafiki walikutana Kakamega mwishoni mwa Januari 2008 wakaazimia kutoka kanisani na kwenda kwa watu. Mmojawapo wa waliosukuma kazi hiyo ni Mmarekani, David Zarembka, aliyemwoa Mkenya, Gladys Kamonya, na tangu mwaka 2007 alikuwa akiishi Lumakanda, kati ya Eldoret na Webuye, kama wanakijiji wengine. Wote wawili walifariki mwaka 2021 kwa ugonjwa wa korona. Lakini kazi yenyewe ilifanywa, na ingali ikifanywa, na Wakenya wenyewe, wengi wao wanawake na walimu wa shule.

Kazi yao ni semina za siku tatu, na namna zake ni mbili. Ya kwanza ilizaliwa gerezani, katika jela ya Green Haven, jimbo la New York, mwaka 1975, wafungwa walipowaomba Marafiki wawasaidie kuwafundisha vijana kuishi bila ya kupigana. Huingii kwa kulazimishwa. Mnakaa duara, watu kama 20, na jambo la kwanza kila mtu ajichagulie sifa njema ya kuliambatisha na jina lake, ianze kwa herufi moja nalo: kama ni Juma, aweza kuwa Jasiri Juma. Kwa siku tatu wenzake hawana ruhusa ya kumwita vingine. Nilipoambiwa hayo nikacheka kwanza, nikaona ni michezo ya watoto. Kisha nikaikumbuka Suratul Hujurat, ambamo Mwenyezi Mungu anatukataza kuitana kwa majina mabaya, na nikakumbuka tunavyoitana sisi mabarazani, fulani kigulu, fulani kengeza, fulani wa kuja. Tuliihifadhi sura hiyo chuoni tukiwa watoto, na tukitoka nje, kanzu bado zina wino, tulianza kuitana majina.

Namna ya pili ilianza Rwanda na Burundi mwaka 2003, baada ya mauaji yanayojulikana. Hii ni ya waliojeruhiwa nyoyo. Wanachukuliwa watu kumi wa upande huu na kumi wa upande ule, aliyefanyiwa na wa ukoo wa aliyefanya. Siku ya kwanza huelezwa jeraha la moyo ni nini na jinsi linavyomnyima mtu usingizi. Siku ya pili ni ya msiba: kila mtu asema alichopoteza, na mwenziwe kazi yake ni kusikiliza tu. Siku ya tatu huchorwa miti miwili kwenye karatasi kubwa, mti wa kutoaminiana na mti wa kuaminiana, nao wenyewe huitaja mizizi na matunda yake. Kisha mmoja hufungwa kitambaa machoni, akashikwa mkono na mtu wa upande wa pili, akaongozwa nje, penye mawe na vishimo.

Nilimwuliza mwanamke mmoja aliyepitia hayo huko upande wa Cheptais: “Mama, ulipofungwa kitambaa, ulimpenda yule aliyekushika mkono?”

Akanitazama kama mtu atazamavyo mtoto. “Mzee, kupenda kulitoka wapi? Niliogopa. Nilihesabu hatua. Alipoona jiwe aliniambia, mama, inua mguu. Nikainua.”

Jibu hilo nimelichukua kama ufunguo wa mas'ala yote, na hapa naomba niyarudie ya kwetu, maana sikwenda Kitale kwa kuwa kwetu hakuna.

Kosa la wengi wazungumzao mapenzi ya watu wote ni kuyafanya kuwa hisia. Hisia haziamrishwi. Mtume wetu, swala na salamu zimshukie, aliwagawia wake zake kwa uadilifu kila kilicho mkononi mwake, kisha akamwomba Mola wake asimlaumu kwa kile asichokimiliki, nacho ni moyo. Ikiwa yeye ndiye aliyeomba hivyo, mimi na wewe ni nani wa kujidai kuwa tutauamrisha moyo? Kinachoamrishwa ni mkono na ulimi: kutoa salamu na kuijibu, kumzuru mgonjwa, kulifuata jeneza, kutomsengenya asiyekuwapo. Hayo yawezekana hata kwa mtu usiyempenda, na ukiyafanya miaka kumi moyo nao huchoka kuwa nyuma.

Ndani ya hayo liko moja gumu. Imepokewa kwa Anas kuwa Mtume kwa siku tatu mfululizo aliwaambia masahaba kuwa ataingia mtu wa peponi, na kila siku akaingia mtu yule yule wa Ansari, ndevu zikimdondoka maji ya udhu na viatu mkono wa kushoto. Abdallah bin Amri akataka kujua siri, akaomba malazi kwake siku tatu. Hakuona ibada ya ajabu. Mtu analala kama watu, akigeuka kitandani humtaja Mungu, basi. Alipomwuliza, yule mtu akasema hana zaidi ya aliyoyaona, ila hakuna Mwislamu amwekeaye hila moyoni mwake, wala hamhusudu mtu kwa kheri aliyopewa. Abdallah akasema kuwa hilo ndilo lililomfikisha, na ndilo wasiloliweza wengine. Angalia kuwa hakusema watu wote wawe marafiki zake. Alifagia tu kifuani mwake, kama mama afagiavyo uani, na uani hufagiwa kila siku kwa kuwa majani huanguka kila siku.

Atakuja mtu aniambie: hadithi hiyo yataja Waislamu, wala haimtaji kafiri aliyeko Elgon. Swali ni la haki. Nami namjibu kuwa katika Arubaini ya Imam Nawawi, hadithi ya 13, yatajwa kuwa imani ya mtu haitimii mpaka amtakie nduguye analojitakia nafsi yake, na wako maulamaa walioufasiri undugu huo kuwa ni wa wana wa Adamu wote, hata asiyekuwa Mwislamu akatakiwa kheri, na kheri ya kwanza ni uongofu. Namkumbusha pia lile jeneza la Myahudi lililopita, Mtume akasimama, na alipoambiwa ni la Myahudi akawauliza kama hiyo si roho. Na Suratul Mumtahina haikutukataza kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Hapa Pwani tunaye Habib Swaleh wa Lamu, mwenye Msikiti wa Riyadha, aliyewafungulia mlango wa elimu watumwa na wana wa watumwa wakati wakubwa wa mji walipoona kuwa elimu si yao. Alilaumiwa sana. Leo maulidi yake yajaza mji kwa watu wa kila rangi, na wajukuu wa waliomlaumu wamo.

Lakini kuna jambo sikubaliani nalo, na niliwaambia Marafiki hao wazi. Neno “bila ya sharti” laweza kutumiwa na mwenye nguvu kumnyamazisha dhaifu. Mwenye kuteka aweza kusema: nisameheni, dini yenu yawaamuru. Serikali yaweza kusema: watu wa mlimani wamekwisha kupatana, makaburi ya nini tena? Sisi twafundishwa kuwa aliyeuawa ana haki, walii wake apewe mamlaka ya kudai, na kusamehe ni bora lakini ni juu yake mwenyewe, wala hakimu hamsamehei. Msamaha usiotanguliwa na haki inayojulikana huwa ni kunyang'anywa mara ya pili. Mwaka 2011 Human Rights Watch iliandika tena habari za jamaa za waliopotea Elgon, ambao walikuwa wakingoja kuambiwa neno moja tu, wamezikwa wapi.

Mwalimu mmoja aongozaye semina hizo Bungoma alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Mzee, hatuwaambii wasidai. Sisi wenyewe tunaandamana nao mpaka kwa mkuu wa wilaya. Tunachowaambia ni kuwa wakidai, wadai bila ya kutaka mtoto wa yule naye apotee.” Nikaona kuwa tofauti yetu ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani, ingawa bado ipo.

Jambo jingine, ambalo mimi nikiwa mtu wa tungo nisingelisamehewa nikiliacha. Wabukusu walikuwa na chuo chao cha mambo haya kabla ya Marafiki na kabla ya misafara yetu. Mzee mkubwa akifa, baada ya maziko, huja msemaji wa koo maalumu, amevaa ngozi na kushika fimbo, akasimama katikati ya halaiki na kusema kwa masaa. Mazungumzo hayo huitwa kumuse. Hutembea huku akisema, akieleza walikotoka watu, nani alimdhulumu nani, nani alioa kwa nani, mpaka msikilizaji ajikute kuwa adui wa jana ni mjomba. Katika wasemaji hao aliyepata sifa kubwa zaidi ni Manguliechi, ambaye maneno yake yamekwisha kuandikwa na kutafitiwa na wasomi wa vyuo vikuu. Nilisikilizishwa utepe wa msemaji mmoja, na mtu akinifasiria. Sikuweza kuhesabu mizani, kwani si utungo wa mizani, lakini nilijua kuwa naisikia kazi ile ile waliyoifanya malenga wetu, ya kuwafanya watu wakae kimya mpaka hasira ipoe. Ni hasara kubwa kuwa vijana wa Kitale siku hizi huukodi muziki wa sanduku kwa matanga badala ya msemaji.

Kabla sijaondoka nilirudi kwa yule mama wa Cheptais, maana nilitaka kujua baada ya kitambaa ilikuwaje. Akanieleza kuwa yule aliyemshika mkono ni wa ukoo wa vijana waliomchukua mwanawe. Wakionana sokoni huamkiana. Alipouguliwa na mke, yule mama alimpelekea uji. Kila usiku kabla ya kulala huwataja kwa majina katika dua yake, kwanza mwanawe, kisha wao, na iko siku huyakwepa majina hayo, akalala, kisha akaamka na kuyataja.

“Nyumbani kwake sijaingia,” akasema. “Nimefika mlangoni mara mbili. Ile sufuria ya uji niliikabidhi hapo nje.”

Nikamwuliza kama ataingia. Akasema mvua zikipungua wataanza kuvuna mahindi, na mashamba yao yamepakana.